Masurufu ya Mlinzi wa Usiku

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, pindi wenyewe wamalizapo chajio na sufuria zikakwanguliwa, hubaki ukoko, mchuzi ulioganda pembeni, mifupa miwili mitatu, na pengine bonge la ugali wa mchana. Na vyote hivyo, vikisharowekwa kwa maji ya chungu, huwa ndiyo riziki ya yule ambaye usiku kucha, watu wote wakiwa wamelala, hana budi kukesha akisikiliza nyayo za wezi. Naye hanung'uniki. Hula alichopewa, hulamba sahani, hutikisa mkia, na kwa sababu hiyo mwenyewe hudhani ya kuwa mbwa wake hana haja nyingine, na kwamba kushiba na kulishwa vema ni jambo moja. Nakusudia katika makala haya kuichunguza dhana hiyo, na kueleza ni vyakula gani vya asili, katika hivi vilivyomo sokoni kwetu, vimfaavyo mbwa zaidi ya hayo makombo, na kwa kadiri gani.

Najua ya kuwa kwetu Pwani mazungumzo ya mbwa yana adabu zake. Kwa wafuasi wa Imamu Shafii, ambao ndio wengi wa Waislamu wa upwa huu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi mbwa hukaa uani, na sahani yake ikatengwa na vyombo vya watu, wala hapana ubaya wowote katika hayo. Lakini fikihi iyo hiyo iliyoamuru kuosha chombo iliruhusu kufuga mbwa kwa ulinzi, kwa uwindaji na kwa kuchunga mifugo, na ikamfaradhishia mwenye mnyama kumpa chakula na maji. Na hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatuni mwake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, na kwa hilo akasamehewa madhambi yake, husomwa madrasani tangu utotoni. Asemaye kwamba mbwa si mnyama wa kushughulikiwa hasemi kwa niaba ya dini.

Wako watu, na siku hizi wamezidi, washikao rai ya kwamba mbwa ni mbwamwitu aliyefungwa ukosi, na kwamba kumpa nafaka ni kumdhulumu. Rai hiyo haina nguvu. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Uppsala huko Sweden walionyesha, katika jarida la Nature, kwamba jeni iitwayo AMY2B, ambayo kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga, mbwamwitu anazo nakala 2 tu, ilhali mbwa wa kufugwa ana nakala baina ya 4 na 30. Dingo wa Australia, ambaye hakuishi na wakulima, amebaki na nakala 2 kama mbwamwitu. Yaani katika maelfu ya miaka ya kukaa kandoni mwa ghala na jiko la mkulima, mbwa alibadilika tumbo lake hata akaweza kula alacho binadamu. Na ugali, ukiwa umeiva barabara, humeng'enyeka tumboni mwake pasi na taabu. Wanaojinyima ili wamnunulie mbwa wao nyama tupu kila siku, kwa kudhani ndiyo asili yake, wanapoteza fedha, na kama tutakavyoona, wanaweza pia kumvunja mifupa.

Tatizo la ugali ni upweke wake. Unga wa mahindi una protini takriban asilimia 8 ya uzani wake, nacho kipimo cha AAFCO, jumuiya ya maofisa wa Marekani wasimamiao vyakula vya wanyama, kinataka mbwa mzima apate protini isiyopungua asilimia 18 ya chakula chake kikavu, na mtoto wa mbwa, au jike mwenye mimba au anyonyeshaye, asilimia 22.5. Hata hiyo kidogo iliyomo ina kasoro, kwa kuwa mahindi yana uhaba wa laisini na triptofani, asidi mbili za amino ambazo mwili wa mbwa hauwezi kujitengenezea. Na akipewa sembe badala ya dona, basi kiini na pumba vimekwisha kuondolewa mashineni, na pamoja navyo yameondoka mafuta na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Ndiyo maana mbwa wa makombo huonekana tumbo limejaa, na hali manyoya yake yamefifia na kukakamaa kama makumbi, ngozi ina ukurutu, na kidonda kidogo cha sikioni hakitaki kupona.

Jawabu lake la kwanza limo katika makapu ya dagaa. Dagaa wakavu, wawe wa Kigoma au wa Ziwa Victoria, hao ambao Mkenya huwaita omena na Mganda akawaita mukene, zaidi ya nusu ya uzani wao ni protini, na tena ni protini kamili, yenye hizo asidi ambazo mahindi yamezikosa. Tumchukue mbwa mzima wa kilo 20, ambaye mahitaji yake ya siku ni takriban kilokalori 1,000: gramu 225 za unga pamoja na gramu 55 za dagaa zitamfikisha hapo au karibu na hapo, na protini ya mlo wake itapanda hadi kiasi cha 19 kwa mia. Maana yake ni sehemu 4 za unga kwa sehemu 1 ya dagaa, kwa mizani wala si kwa kikombe, kwa sababu dagaa ni wepesi na kikombe chao hudanganya. Nyumba nyingi, ukichungulia sufuria ya mbwa, utakuta konzi moja ya dagaa imetiwa katika ugali wa mbwa watatu, ili uwe na harufu tu. Na mbwa, kwa kuwa pua yake ni kali, huula kwa furaha ugali ule ambao haukuongezewa chochote cha maana.

Dagaa wana fadhila nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kwamba huliwa wazima, na kichwa chao na miiba yao. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu haba mno, na mwili wa mnyama ukikosa kalsiamu chakulani huichota katika mifupa yake wenyewe. Hata mbwa wa bwana mkubwa, anayelishwa mnofu wa buchani asubuhi na jioni, huweza kuwa na mifupa laini na miguu iliyopinda kuliko mbwa wa jirani aliyeokoteza vichwa vya samaki. Msiba huo huwafika hasa watoto wa mbwa. Dagaa mzima huja na kalsiamu yake mwilini, kwa hiyo hesabu hujisawazisha kwa sehemu kubwa. Wakosekanapo dagaa, na mlo ukawa wa nyama na nafaka, ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kutwangwa mpaka likawa unga laini, nusu kijiko cha chai chake hutoa takriban gramu 1 ya kalsiamu, na kiasi hicho chamtosha mbwa wa kilo 20 kwa siku. Lakini watoto wa mbwa wa mbegu kubwa wasirundikiwe unga huo kwa kubahatisha, maana kalsiamu ikizidi nayo huwaharibu mifupa.

Dagaa waoshwe mara mbili tatu, kwa kuwa wengi huanikwa mchangani. Wale waliotiwa chumvi walowekwe na maji yake yamwagwe. Na wote wachemshwe, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kiharibucho vitamini B1, na moto hukiua.

Yai ni jambo jepesi. Lichemshwe, kwani ute mbichi una avidini, protini ishikayo vitamini iitwayo bayotini isiingie mwilini, na moto huiondoa nguvu hiyo. Yai moja lina kilokalori kama 70, na kwa mbwa wa wastani mayai matatu kwa juma ni ukarimu wa kutosha.

Maini yataka maneno zaidi. Katika vyakula vyote vya mabuchani hapana kilichojaa vitamini A, chuma, shaba na vitamini B12 kama maini, na mbwa huyapenda kupita kiasi. Lakini vitamini A hujilimbikiza mwilini, na mbwa alaye maini kila siku kwa miezi huweza kupata maumivu ya viungo na uti wa mgongo kukakamaa. Kipande cha gramu 30 au 40, mara mbili kwa juma, chamtosha yule mbwa wetu wa kilo 20. Bandama, moyo na firigisi havina hatari hiyo.

Na hapa sina budi kusimama kidogo, maana jambo lenyewe linapita afya ya mbwa na kugusa roho za watu. Yupo tegu mdogo, urefu wake haufiki hata sentimita moja, aitwaye Echinococcus granulosus, aishiye utumboni mwa mbwa pasipo kumdhuru. Mayai yake hutoka na mavi, hutapakaa majanini, na mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia wakiyala, hugeuka kuwa malengelenge ya maji ndani ya maini na mapafu yao. Mnyama akichinjwa, mchinjaji huona lile pafu bovu, hulikata, na hulitupia mbwa aliyelala chini ya mti. Na duara imekamilika. Binadamu akiyameza mayai hayo, kwa kumpapasa mbwa kisha kula bila ya kunawa, malengelenge humea ndani yake miaka mingi mpaka tumbo likawa kubwa kama la mja mzito, na dawa yake mara nyingi ni kisu cha daktari mpasuaji. Waturkana wa kaskazini mwa Kenya walijulikana katika miaka ya 1980 kuwa miongoni mwa watu walioteswa zaidi duniani na maradhi hayo, hata shirika la AMREF likaanzisha kampeni huko mwaka 1983. Basi kila nyama ya ndani apewayo mbwa ichemshwe mpaka iive kabisa, yenye malengelenge ichomwe moto au izikwe kwa kina, na mbwa apewe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Wenye mabucha na wasimamizi wa machinjio nawaomba, kwa jina la wateja wao wenyewe, waache kuwatupia mbwa mapafu mabichi.

Katika mboga, wengi hushangaa kusikia ya kuwa mbwa hula. Hula, na huenda zikamnufaisha kuliko tunavyodhania. Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha uchunguzi wao juu ya mbwa 175 wa mbegu ya Scottish Terrier, mbegu ambayo saratani ya kibofu huiandama sana, wakaona ya kuwa waliolishwa mboga za majani, au zile za rangi ya manjano na chungwa, angalau mara tatu kwa juma juu ya chakula chao cha kawaida, walipungukiwa sana na hatari ya kupata saratani hiyo kuliko wasiolishwa. Insafu yanilazimu kusema kwamba uchunguzi wa namna hiyo hutegemea kumbukumbu za wenye mbwa, na kwamba wampao mbwa karoti pengine humtunza vema katika mengine pia. Hata hivyo karoti, boga, viazi vitamu na mchicha si ghali, wala havina madhara vikipimwa. Vichemshwe, vipondwe, kwa sababu meno ya mbwa ni ya kukata, hayatafuni kama ya mbuzi, na kipande kizima cha karoti mbichi huingia na kutoka vilevile kilivyo. Boga lamfaa hasa mbwa mwenye kuharisha kidogo au kufunga choo. Muhogo na kisamvu visipewe vibichi kabisa, kwa sumu ya sianidi iliyomo. Maharagwe nayo yachemshwe hasa. Mbwa aliyewahi kuwa na vijiwe kibofuni asipewe mchicha.

Sasa nije kwenye sahani ya pilau. Siku ya pili ya Idi, au baada ya arusi, masufuria ya biriani na pilau yakiwa bado yana baki, huruma humshika mwenye nyumba akammiminia mbwa sinia nzima, naye huona kwamba kwa mara moja katika mwaka amemfanyia mlinzi wake karamu. Sinia hiyo ina vitu vitatu ambavyo mbwa hapaswi kuvila. Vitunguu maji, viwe vibichi, vya kukaanga au vilivyokauka, huharibu chembe nyekundu za damu, na gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzani wa mbwa zatosha kumdhuru, na kwa mbwa wa kilo 10 huenda hicho kikawa kitunguu kimoja kikubwa. Dalili huchelewa siku kadhaa, mpaka fizi zikapauka na mkojo ukageuka rangi ya kahawia, na mwenyewe hakumbuki tena lile pilau. Vitunguu saumu ni vya ukoo huo huo. Zabibu, mbichi na kavu, huweza kuua figo za mbwa, na hakuna kipimo chake kinachoaminika, kwani mbwa mmoja hula nyingi asidhurike na mwingine huangamizwa na chache. Ongeza mafuta ya kukaangia na tui zito, ambavyo kwa ghafula huweza kuliwasha kongosho likavimba, na mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika vipande vyenye ncha kama sindano na kutoboa utumbo. Chokoleti, na peremende au siagi ya karanga iliyotiwa sukari ya ksailitoli, visimkaribie hata kidogo. Kwa ndugu zetu wa Murang'a na Embu walio na mashamba ya makadamia, zile karanga humlegeza mbwa miguu ya nyuma ndani ya saa 12, ingawa kwa kawaida huinuka tena baada ya siku mbili.

Hata hivyo, kama ningeulizwa ni sumu ipi iliyo ya kuogopwa zaidi katika sahani ya mbwa wa Afrika Mashariki, singetaja zabibu wala chokoleti, ningetaja mahindi mabovu. Gunia likinyeshewa, likaota ukungu, watu husema, "haya ya mbwa na kuku," kana kwamba ini la mbwa limeumbwa kwa chuma. Sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini, mwaka 2004 iliwaua watu 125 katika sehemu za Makueni na Kitui, Kenya, waliokula mahindi ya ghala zao wenyewe. Nako Marekani, mwishoni mwa mwaka 2005, mbwa zaidi ya 100 walikufa kwa chakula cha mifuko kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu iyo hiyo. Kupika hakuiondoi. Nafaka isiyofaa kuliwa na mtu haimfai mbwa, na bei ya gunia moja lililotupwa ni ndogo kuliko mbwa aliyekufa kwa manjano.

Nimewasahau walishao chakula cha mifuko? Sikuwasahau, ila wao shida yao ni ndogo. Biashara hiyo ilianza London takriban mwaka 1860, alipotokea Mmarekani mmoja, James Spratt, akauza maandazi makavu ya mbwa yaliyotengenezwa kwa ngano, mboga na nyama. Na leo chakula hicho, kikiwa kimeandikwa ya kuwa ni kamili na cha uwiano, kina kila kitu kitakikanacho. Anayetaka kumwongezea mbwa wake boga, yai au dagaa juu yake na aongeze, ila afuate kanuni ya matabibu wa wanyama, kwamba nyongeza zote pamoja zisizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu za siku. Kwa mbwa wetu wa kilo 20 hizo ni kilokalori 100: yai moja na vijiko viwili vya boga, basi. Na kiasi hicho kipunguzwe katika punje za mfuko, maana watu wengi huongeza bila ya kupunguza, na mbwa akanenepa.

Unene huo si mapambo. Katika uchunguzi mashuhuri wa maisha mazima, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2002, watoto 48 wa Labrador waliwekwa jozi jozi, mmoja katika kila jozi akipewa robo pungufu ya chakula alichopewa mwenziwe. Waliopunjwa, kwa wastani, waliishi miaka 13, na walioshiba wakaishi miaka 11.2, na magonjwa ya viungo yaliwachelewa wale wembamba. Kwa hiyo kila mwezi pitisha vidole ubavuni mwa mbwa wako: mbavu zihisike bila ya kutafutwa, wala zisionekane kwa mbali.

Mwenye kutamani kuacha mfuko kabisa na kupika mwenyewe, ajihadhari na maelekezo ya vitabuni na mitandaoni. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima maelekezo 200 ya mapishi ya nyumbani ya mbwa wazima, mengi yake yakiwa ya matabibu wa wanyama, wakakuta ya kwamba asilimia 95 yalipungukiwa na angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Ile hesabu yangu ya unga na dagaa haimo nje ya hukumu hiyo: yatengeneza protini na kalsiamu, na pamoja na maini, yai na mboga huziba matundu mengi, lakini siiiti kamili, hasa kwa zinki na vitamini E.

Anayelisha makombo na aanze kwa dagaa waliopimwa, kisha yai, kisha mboga ya kupondwa na maini kidogo, akibadilisha pole pole kwa muda wa juma zima ili tumbo la mbwa lizoee, na maji safi yasikosekane uani mchana wala usiku. Mwenye mtoto wa mbwa, jike mwenye mimba, au mbwa mgonjwa wa figo, ini au kongosho, asibadilishe lolote kabla ya kumwona daktari wa mifugo wa wilaya yake.